Safari ya Siku Moja Bongoyo na Mbudya: Mambo Ambayo Mwananchi Anapaswa Kuyafahamu Kabla ya Kupanda Boti

Visiwa vya Bongoyo na Mbudya, vilivyopo katika Bahari ya Hindi mkabala na fukwe za Msasani na Kunduchi jijini Dar es Salaam, vimeendelea kuwa miongoni mwa maeneo yanayowavutia wananchi wengi wanaotafuta mapumziko ya siku moja bila kutoka nje ya mkoa. Mwisho wa wiki na siku za sikukuu, familia, vikundi vya marafiki, wanafunzi na wageni kutoka nje ya nchi huvuka bahari asubuhi na kurejea kabla jua halijazama.

Pamoja na umaarufu huo, wapo wananchi wengi ambao hawafahamu kuwa visiwa hivyo ni maeneo yaliyotengwa kisheria. Mara kwa mara huulizwa maswali yaleyale: kwa nini mtu alipe ada kuingia kisiwani wakati bahari ni ya wote, kwa nini asiokote kombe zuri aliloliona mchangani, na kwa nini boti ichelewe kuondoka wakati bahari inaonekana shwari. Makala haya yanafafanua hali ya visiwa hivyo, sheria inayovilinda, taratibu za usalama wa safari na wajibu wa kila anayevitembelea.

Visiwa vilivyojengwa na viumbe hai

Bongoyo na Mbudya si milima iliyochomoza kutoka baharini wala si mchanga uliokusanywa na mawimbi pekee. Msingi wake ni jiwe la matumbawe ya kale, yaani mifupa ya viumbe wadogo wa baharini walioishi na kufa katika zama ambazo usawa wa bahari ulikuwa juu kuliko ilivyo sasa. Bahari iliposhuka, miamba hiyo ilibaki nchi kavu, ikagandamana na kuwa jiwe lile lenye ncha kali ambalo wakazi wa Pwani wamelitumia kwa karne nyingi kujengea nyumba, misikiti na makaburi. Mfano ulio karibu ni Magofu ya Kunduchi, ambako makaburi yenye nguzo yangali yamesimama upande wa bara.

Katika kipindi cha mwisho cha barafu duniani, usawa wa bahari ulishuka kwa zaidi ya mita 100 chini ya kiwango cha leo, hivyo mahali ambapo boti hupita sasa palikuwa ardhi kavu iliyoungana na bara. Barafu ilipoyeyuka bahari ilipanda, mabonde yakafunikwa na maji, na sehemu zilizoinuka zikabaki kuwa visiwa. Kwa sababu hiyo, mbuyu unaoota Bongoyo hauna tofauti na mbuyu wa Kunduchi. Kinachovitofautisha visiwa na bara ni bahari iliyo kati yao pamoja na ukweli kwamba visiwa hivyo havina mto wala chemchemi ya maji baridi.

Kuzunguka visiwa hivyo yapo matumbawe hai, ambayo wengi hudhani kuwa ni mawe au mimea. Tumbawe ni mnyama. Kila kipande huundwa na maelfu ya viumbe wadogo wenye miili laini wanaojijengea nyumba za chokaa. Ndani ya miili yao huishi mwani mdogo usioonekana kwa macho, ambao hutumia mwanga wa jua kutengeneza chakula na kumgawia mwenyeji wake. Ushirikiano huo ndio unaolipa tumbawe rangi na nguvu ya kukua.

Ukuaji wenyewe ni wa taratibu. Matumbawe yenye matawi yanaweza kuongezeka kwa sentimita 10 hivi kwa mwaka, ilhali yale ya mviringo yaliyo mazito huongezeka kwa takriban sentimita moja tu. Hii ina maana kwamba tumbawe lenye ukubwa wa meza ya chakula limeanza kukua kabla ya wengi wa wanaolitazama leo kuzaliwa, na nanga moja iliyotupwa bila uangalifu huweza kulivunja kwa dakika moja.

Faida ya matumbawe hayo ni kubwa. Ingawa miamba ya matumbawe huchukua chini ya asilimia moja ya sakafu ya bahari duniani, takriban robo ya aina zote za viumbe wa baharini huitegemea katika hatua fulani ya maisha yao. Changu, chewa, pono na pweza, ambao ni kitoweo cha kila siku katika masoko ya Pwani, hutegemea miamba hiyo kwa malazi, mazalia na chakula. Hata mchanga mweupe unaowavutia wageni unatokana kwa sehemu na samaki aina ya pono, ambaye hutafuna miamba kwa meno yake imara ili kupata mwani, kisha akatoa chokaa iliyosagika. Pono mmoja mkubwa anaweza kutoa mamia ya kilo za mchanga kwa mwaka.

Ulinzi wa kisheria

Bongoyo na Mbudya, pamoja na Pangavini na Fungu Yasini, vilitangazwa kuwa maeneo tengefu mwaka 1975 chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 1970. Hata hivyo, kwa miaka mingi usimamizi wake ulikuwa mgumu kutokana na kukosekana kwa chombo mahsusi cha kusimamia maeneo hayo.

Hali hiyo ilibadilika baada ya Bunge kupitisha Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu Na. 29 ya mwaka 1994, iliyoanzisha Kitengo cha Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu, kinachofahamika kwa kifupi kama MPRU. Kitengo hicho kipo katika sekta ya uvuvi, chini ya Wizara ya Mifugo na Uvuvi. Mwaka 2007 visiwa vya Sinda, Makatumbe na Kendwa navyo viliingizwa katika mtandao wa maeneo tengefu ya Dar es Salaam.

Sheria hiyo inatofautisha ngazi mbili za ulinzi, na tofauti hiyo ni muhimu kwa mwananchi kuielewa. Hifadhi ya bahari ni eneo kubwa ambalo wananchi wanaishi ndani yake na kuendelea na shughuli zao kwa utaratibu maalumu. Mfano ni Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia iliyoanzishwa mwaka 1995, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 822, ambamo vijiji na wavuvi wake ni sehemu ya hifadhi. Eneo tengefu kwa upande wake ni dogo na ulinzi wake ni mkali zaidi. Humo hairuhusiwi kuvua samaki wala kuchukua kiumbe chochote, kiwe hai au kimekufa. Bongoyo na Mbudya vimo katika kundi hili la pili.

Kwa maana hiyo, marufuku ya kuokota makombe, kung'oa matumbawe au kukusanya jongoo bahari haitokani na matakwa ya askari wa hifadhi aliyepo zamu, bali ni takwa la sheria. Kombe tupu lina kazi yake pia, kwani huwa nyumba ya kaa wadogo wasio na gamba lao wenyewe, na likisagika hurudi kuwa mchanga wa ufukwe huohuo.

Ada ya kiingilio na wavuvi waliojitenga

Swali la ada haliwezi kujibiwa bila kuwataja wavuvi. Kabla ya visiwa hivyo kutengwa, wavuvi wa Msasani, Kunduchi na maeneo jirani walivua katika miamba hiyo kama walivyofanya wazazi wao. Kutengwa kwa maeneo hayo kulimaanisha kwamba mvuvi mwenye ngalawa isiyo na injini, asiyeweza kwenda mbali, amepoteza sehemu ya bahari iliyokuwa karibu naye kuliko nyingine zote. Hilo si jambo dogo kwa familia inayotegemea mavuno ya siku.

Sababu ya kumtaka mvuvi kujitenga na eneo hilo ni ya kitaalamu. Samaki wanaoachwa bila kuvuliwa huishi muda mrefu na kufikia ukubwa kamili, na samaki jike mkubwa hutaga mayai mengi mno kuliko jumla ya mayai ya majike kadhaa wadogo wenye uzito uleule. Mayai na vifaranga vyake huchukuliwa na mikondo ya bahari hadi nje ya mipaka ya eneo tengefu, na samaki wakubwa nao huvuka mipaka wenyewe. Kwa njia hiyo eneo lililofungwa hulisha maeneo yaliyo wazi. Mvuvi hunufaika, lakini kwa kungoja, na kwa sharti kwamba eneo hilo linalindwa kweli.

Hapo ndipo wajibu wa mtembeleaji unapoanza. Mvuvi aliyeambiwa asitupe mshipi kwenye mwamba wa Mbudya ana haki ya kutarajia kwamba mgeni wa siku moja hataukanyaga mwamba huohuo wala kuufunika kwa chupa za plastiki. Ada anayolipa mtembeleaji huchangia gharama za doria, mafuta ya boti, watumishi na huduma za kisiwani, na ni sehemu ya makubaliano yanayofanya kujitenga kwa mvuvi kuwe na maana.

Viwango vya ada hutofautiana kati ya raia wa Afrika Mashariki na wageni kutoka nje, na kati ya watu wazima na watoto. Wananchi wanashauriwa kuuliza viwango vinavyotumika kwa wakati husika kabla ya safari, kutofautisha nauli ya boti na ada ya hifadhi, kulipa malipo ya Serikali kwa kumbukumbu namba kupitia mfumo wa kielektroniki, na kudai stakabadhi. Mtu anayedai ada kwa fedha taslimu bila kutoa stakabadhi anamkosesha mwananchi haki yake na kuikosesha hifadhi mapato.

Usafiri: kuchagua chombo na kukikagua

Boti za kwenda Bongoyo huondoka zaidi kutoka upande wa Msasani na hutumia takriban nusu saa. Boti za kwenda Mbudya huondoka kutoka fukwe za Kunduchi na jirani zake, na muda wake ni mfupi zaidi. Ufupi huo wa safari ndio unaowafanya baadhi ya abiria kudharau taratibu za usalama.

Historia ya nchi inaonesha kuwa umbali hauhesabiki pale chombo kinapozidiwa. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka katika Ziwa Victoria kikiwa kinakaribia gati la Bwisya katika Kisiwa cha Ukara, wilayani Ukerewe. Kivuko hicho kilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 101, lakini waliopoteza maisha pekee walizidi 220. Nchi kavu ilikuwa mbele ya macho yao.

Kwa mujibu wa sheria, ukaguzi na usajili wa vyombo vya majini Tanzania Bara husimamiwa na Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), lililoanzishwa kwa Sheria Na. 14 ya mwaka 2017. Abiria anayo haki, na pia wajibu, wa kujiridhisha kwa mambo yafuatayo kabla ya kupanda:

- Chombo kina namba ya usajili inayosomeka na kina cheti cha ukaguzi ambacho muda wake haujaisha.
- Idadi ya watu waliomo, wakiwamo watoto na wahudumu, haizidi idadi iliyoruhusiwa kwa chombo hicho.
- Kila abiria amepewa jaketi okozi linalomtosha na amelivaa kabla ya boti kuondoka. Jaketi la mtu mzima halimfai mtoto, kwani humvuka kichwani mara aingiapo majini.
- Nahodha hajalewa, ana njia ya mawasiliano na nchi kavu, na ameeleza muda wa kurudi.
- Ipo orodha ya majina ya abiria, au angalau mtu aliyebaki nchi kavu anafahamu nani wamekwenda kisiwa gani na watarejea saa ngapi.

Abiria anayeona kasoro katika mambo hayo hapaswi kuona haya kushuka. Nauli ya boti hurejeshwa au hupatikana tena. Endapo dharura itatokea, wananchi wanaweza kupiga simu Polisi kwa namba 112 au Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kwa namba 114.

Upepo, mawimbi na utabiri wa hali ya hewa

Bahari ya Pwani ya Afrika Mashariki hutawaliwa na pepo za msimu. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi, na kusi huvuma kati ya Aprili na Septemba au Oktoba. Kipindi cha matlai, pepo zinapobadilishana zamu, huwa na bahari tulivu zaidi. Kusi ikishika kasi, hasa katikati ya mwaka, mkondo kati ya kisiwa na bara huweza kuchafuka mchana hata kama asubuhi ulikuwa shwari. Ndiyo maana manahodha wazoefu hupenda kuondoka mapema na kurudi mapema.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutoa utabiri wa bahari kila siku, na hutoa taarifa maalumu pale upepo unapotarajiwa kuzidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi kuzidi mita mbili. Taarifa hizo hutolewa kwa ngazi tatu: angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Kwa boti ndogo ya matembezi, ngazi ya kwanza peke yake yatosha kuwa sababu ya kuahirisha safari.

Umuhimu wa taarifa hizo ulionekana mwanzoni mwa Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipoikaribia pwani ya nchi na kuingia nchi kavu katika eneo la Mafia. Wananchi walitahadharishwa mapema, na usafiri wa boti za abiria kati ya Dar es Salaam na Zanzibar ulisitishwa kwa muda. Ikiwa vyombo vikubwa vilibaki bandarini, chombo cha faiba chenye injini moja hakina sababu ya kuthubutu.

Bamvua na maji mafu

Jambo jingine ambalo wageni wengi hawalizingatii ni kujaa na kupwa kwa maji. Kila siku bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili, kwa tofauti ya zaidi kidogo ya saa sita kati ya maji kujaa na kupwa, na kila siku ratiba hiyo husogea mbele kwa takriban dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, ambapo maji hujaa sana na kupwa sana. Katika pwani ya Dar es Salaam tofauti hiyo huweza kuzidi mita tatu. Katikati ya vipindi hivyo huja maji mafu, ambapo tofauti ni ndogo.

Kwa msafiri wa siku moja, hesabu hii inaamua mengi. Wakati wa bamvua maji yakipwa, boti haiwezi kusogea karibu na ufukwe, hivyo wazee na watoto hulazimika kutembea juu ya mwamba wenye ncha kali. Maji yakijaa, sehemu ya ufukwe ambako mizigo iliachwa hutoweka. Aidha, wakati wa kupwa ndipo matumbawe yanapokuwa karibu na uso wa maji, na ndipo watu wengi hushawishika kuyakanyaga ili kupiga picha. Unyayo mmoja huua viumbe wengi kwa mara moja, na mkanyagaji mwenyewe huweza kuchomwa na wanyama wenye miiba mirefu myeusi wanaojificha katika nyufa. Viatu vya kuingilia majini, na zaidi ya hapo uamuzi wa kuelea badala ya kusimama, hulinda pande zote mbili.

Wanaoogelea wanashauriwa kubaki upande wa kisiwa unaotazama bara, wasivuke sehemu zilizooneshwa na wahudumu wa hifadhi, wasiogelee peke yao wala baada ya kunywa pombe, na wasiwaache watoto majini bila mtu mzima anayejua kuogelea. Anayechomwa na konyeza atoke majini mara moja na kuomba msaada wa wahudumu waliopo.

Wakazi wa kisiwa wasioonekana mchana

Mtembeleaji anayeondoka saa kumi jioni huenda akadhani kisiwa hakina wakazi. Hata hivyo, Mbudya ni miongoni mwa maeneo machache nchini yenye kaa wa nazi, kiumbe mkubwa kuliko wote wenye miguu yenye viungo na gamba la nje wanaoishi nchi kavu. Anaweza kufikia uzito wa kilo nne na kuishi kwa miongo kadhaa. Mchana hujificha mashimoni na chini ya mizizi, na usiku hutoka kutafuta chakula. Akiwa mkubwa hawezi tena kuogelea na huzama akitupwa baharini, ingawa jike lazima ashuke hadi ukingo wa maji kuachia mayai yake. Kutokana na ukuaji wake wa polepole na kuwindwa kwa ajili ya nyama, kaa huyo yumo katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini.

Fukwe za Pwani pia hutumiwa na kasa kutagia mayai, hususan kasa wa kijani na ng'amba. Kasa jike hupanda ufukweni usiku, huchimba shimo, hutaga na kurudi baharini. Mchanga uliojaa takataka, moto uliowashwa juu ya kiota au mwanga mkali wa taa humfanya arudi bila kutaga. Kukamata kasa au kuchukua mayai yake ni kosa kisheria.

Funzo la Maziwe

Wapo wanaoamini kuwa kisiwa kimekuwepo siku zote na kitaendelea kuwepo. Mfano wa Kisiwa cha Maziwe, kilichopo nje ya pwani ya Pangani mkoani Tanga, unaonesha vinginevyo. Maziwe kilitangazwa kuwa eneo tengefu mwaka 1975, sawa na Bongoyo na Mbudya. Kilikuwa na miti ya mivinje na kilijulikana kuwa mojawapo ya maeneo muhimu ya kasa kutagia mayai katika Afrika Mashariki. Katika miaka iliyofuata, mmomonyoko wa fukwe uliangusha miti yote. Leo Maziwe ni fungu la mchanga ambalo hufunikwa kabisa na maji wakati wa bamvua. Kasa wangali wanarudi kutaga hapo, na mayai yao hulazimika kuhamishiwa ufukwe wa Ushongo ili yasizame.

Maziwe bado hutembelewa na wageni wa siku moja, wanaoangalia ratiba ya maji kabla ya kwenda, maana saa za kukanyaga mchanga wake ni chache. Bongoyo na Mbudya vina msingi wa jiwe na ni vigumu kupotea kwa namna hiyo, lakini fukwe zake, miti yake na matumbawe yanayovunja nguvu ya mawimbi kabla hayajafika ufukweni vinaweza kudhoofika.

Matumbawe hayo yamekwisha kupitia majaribu mazito. Kwa miongo mingi uvuvi wa baruti uliharibu miamba ya Pwani hadi Serikali ilipoimarisha operesheni za pamoja za vyombo vya dola dhidi yake. Mwaka 1998 joto la bahari lilipopanda, matumbawe mengi katika Bahari ya Hindi yalipauka na kufa. Maji yanapozidi joto la kawaida la msimu kwa nyuzi joto moja tu kwa wiki kadhaa, tumbawe huufukuza mwani unaolilisha na kubaki jeupe. Likipata nafuu mapema huishi, likicheleweshwa hufa. Mwaka 2016 na 2024 hali ya aina hiyo ilitokea tena katika bahari mbalimbali duniani.

Mtembeleaji mmoja hawezi kupoza bahari. Anachoweza ni kutoliongezea jeraha tumbawe lililokwisha kudhoofishwa na joto. Tumbawe lisilokanyagwa, lisilogongwa na nanga na lisilofunikwa na taka hupona haraka kuliko lililoandamwa na yote hayo kwa pamoja.

Mambo ya kubeba na mambo ya kuacha

Kwa kuwa visiwa havina maji baridi, kila mtu abebe maji ya kunywa ya kutosha siku nzima. Kofia, nguo za mikono mirefu na kivuli hukinga jua vizuri kuliko mafuta ya kupaka, ambayo baadhi yake yana kemikali zinazodhuru matumbawe. Dawa za wanaotumia dawa kila siku, vifaa vya huduma ya kwanza na mfuko wa kuhifadhia simu isiingie maji ni vitu visivyopaswa kusahaulika.

Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na marufuku hiyo inahusu pia visiwani. Chakula kibebwe katika vyombo vinavyorudi nyumbani. Taka zote, yakiwamo mabaki ya sigara na vifuniko vya chupa, zirudishwe bara, kwa kuwa kila kinachobaki kisiwani lazima kisafirishwe na mtu mwingine kwa boti au kiishie baharini. Wanaonunua samaki wa kuchoma kwa wajasiriamali waliopo wanashauriwa kukataa samaki wachanga, pamoja na mapambo yaliyotengenezwa kwa matumbawe, makombe au gamba la kasa.

Kwa mujibu wa Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, Mkoa wa Dar es Salaam una wakazi 5,383,728. Ni miji michache yenye idadi kubwa ya watu kiasi hicho ambayo ina miamba hai ya matumbawe katika umbali wa nusu saa kwa boti. Ujirani huo ni fursa kwa mtoto wa Tandale au Mbagala kuona kwa macho yake viumbe anaowasoma darasani, na wakati huohuo ni mzigo mkubwa kwa visiwa vidogo ambavyo mtu anaweza kuvizunguka kwa miguu.

Wananchi wanahimizwa kuendelea kuvitembelea visiwa hivyo, kufuata maelekezo ya askari wa hifadhi na manahodha, kufuatilia taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla ya safari, na kutoa taarifa kwa mamlaka husika pale wanapoona uvuvi haramu, chombo kilichozidisha abiria au uharibifu wa mazingira. Kwa kufanya hivyo, mtembeleaji atarejea salama jioni, na wavuvi wa Msasani na Kunduchi wataendelea kupata samaki wanaotokana na miamba waliyokubali kuiacha.